Mpita njia wa leo na hongo ya angani

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, mwaka wa 2023, watu wa Birongo tulikusanyika katika kiwanja cha shule ya msingi kumchangia binti wa jirani yangu nauli ya kwenda kusoma Kanada. Walimu wanaosoma ukurasa huu wanaijua vyema mikutano ya aina hiyo, kwani aghalabu wao ndio wanaoketi mezani na kalamu na daftari. Mwenye duka alitoa noti ya elfu, mama muuza ndizi akatoa mia, na mzee mmoja akaleta kuku ambaye alinadiwa mara nne, kila mnunuzi akimrudisha mezani anadiwe upya, hata akawa kuku ghali kuliko wote niliopata kuwaona. Baba mzazi alikuwa amekwisha kukopa kwa dhamana ya majani chai yake. Jua lilipotua nauli ilikuwa imetimia. Tukaomba, tukatawanyika.

Desturi hii si ngeni kwetu. Tangu Septemba 1959, ndege ya kwanza ilipowachukua wanafunzi 81 kwenda Marekani kwa juhudi za marehemu Tom Mboya, familia nyingi za Kenya zimeiona nauli ya ndege kuwa sehemu ya karo. Hapa Gusii jambo hili limekita mizizi kiasi kwamba ni vigumu kupata kijiji kisicho na mwana au binti huko Minnesota. Basi nauli ya mtoto mmoja ni jasho la kijiji kizima, na ikipotea, hupotea ya kijiji kizima.

Siku chache baada ya mchango ule, jirani yangu alinijia nyumbani na tikiti mkononi. "Mwalimu," aliniambia, "wewe ndiwe daktari wa lugha. Hebu tusomee karatasi hii, tujue kama iko sawa." Niliisoma. Binti angeondoka Nairobi, angefika mji mmoja wa Marekani, angekaa uwanjani humo saa tatu, kisha angepanda ndege ya pili hadi Kanada. Nilitazama tarehe, nikatazama saa, nikatazama tahajia ya majina yake matatu. Nikaona herufi moja imekosewa, nikamwagiza arudi kwa wakala airekebishe. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na sentensi iliyosema kwamba ni wajibu wa msafiri kuwa na hati zote zinazohitajika katika nchi aendako na nchi anazopitia. Sentensi hiyo nayo niliisoma. Nikamwambia jirani yangu, "Iko sawa, mzee wangu."

Haikuwa sawa. Usiku wa safari, karani wa kaunta uwanjani Nairobi aliipekua pasipoti ya binti, akaiona viza ya Kanada, akaendelea kupekua. "Dada, viza ya Marekani iko wapi?" aliuliza. "Mimi siendi Marekani," akajibu binti. "Ninaenda Kanada. Marekani ninapita tu." Karani akamwambia, bila ya ukali wowote, "Kwa Marekani, kupita ni kuingia." Sanduku likateremshwa kutoka kwenye mizani. Ndege ikaondoka. Binti akarudi Kisii kwa basi la usiku uliofuata, na tikiti ile, kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu, haikurejeshewa hata senti moja.

Nimelitafakari jibu la karani yule kwa muda mrefu. Mimi hufundisha isimu. Huwaambia wanafunzi wangu kila mwaka kwamba maana ya neno haikai ndani ya neno lenyewe, bali katika matumizi na mamlaka ya wale wanaolitumia. Hata hivyo nilishindwa na kitenzi ambacho mtoto hukijua kabla ya kujua kuhesabu. Leo nataka tukichunguze kitenzi hicho kama kinavyotumika katika sheria za safari, kwa sababu mwezi kama huu kuna wanafunzi wengi wanaopokea barua za vyuo vya ng'ambo, na walimu wengi watakaoombwa kusoma tikiti.

Kwa Kiswahili, anayepita si anayeingia. Mpita njia hana dai juu ya nyumba, wala mwenye nyumba hana dai juu yake. Tukikitia kitenzi hiki kiambishi cha kutendea tunapata "pitia", na hapo mambo yanaanza kugeuka: nikikwambia "nitakupitia asubuhi", maana yake nitasimama mlangoni pako japo sitaketi. Wenye kupitia hivyo huamkuana, huulizana habari, pengine hupewa maji ya kunywa. Lugha yetu basi inatambua madaraja matatu: kupita, kupitia na kuingia. Sheria za mataifa nazo zina madaraja yake, ila kila dola ina kamusi yake, na maskini msafiri hukabidhiwa tikiti moja inayokatiza kamusi tatu au nne.

Tuanze na Marekani. Hadi mwaka wa 2003 nchi hiyo ilikuwa na mipango miwili iliyowaruhusu baadhi ya wasafiri kubadili ndege katika viwanja vyake bila ya viza, wakiwa chini ya ulinzi wa shirika lililowaleta. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, serikali ilihofia kwamba magaidi wangeweza kuitumia njia hiyo, na tarehe 2 Agosti 2003 mipango hiyo ikasimamishwa. Haijarudishwa. Tangu siku hiyo, kila anayetua katika ardhi ya Marekani, hata kama ni kwa saa moja akielekea Kanada au Meksiko, hupitishwa katika dawati la uhamiaji kama mtu anayeingia. Mkenya anayepita huko, ikiwa hana viza nyingine ya Marekani inayomfaa, lazima awe na viza ya kupita, ambayo huombwa kwa fomu, kwa ada iliyopandishwa hadi dola 185 mwaka wa 2023, na kwa mahojiano ubalozini. Kwa maneno mengine, msafiri wa saa tatu huombewa ruhusa kwa jasho lile lile la msafiri wa miezi sita.

Uingereza ina kamusi nyingine. Huko kupita ni kwa namna mbili: kupita ndani ya ukumbi wa wasafiri bila ya kuvuka dawati la uhamiaji, na kupita kwa kulivuka dawati hilo, kwa mfano ili kulala hotelini au kuhamia uwanja mwingine wa London. Kila namna ina viza yake. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake huhitaji viza hata kwa namna ile ya kwanza. Lakini kuna msamaha: mwenye viza halali ya Marekani, Kanada, Australia au New Zealand huweza kupita bila ya hati ya ziada, kwa masharti yaliyowekwa.

Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen zina kamusi ya tatu. Kanuni yao ya viza ya mwaka wa 2009 inataja nchi 12 ambazo raia wake huhitaji viza ya kupita uwanjani katika nchi zote za mkataba. Kutoka pande zetu zimo Somalia, Ethiopia, Eritrea na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kenya haimo katika orodha hiyo ya pamoja, ila kila nchi mwanachama ina uhuru wa kuongeza majina yake. Na kuna mtego mwingine ambao umewanasa hata wasafiri wazoefu. Ukitoka Nairobi ukashuka Paris, kisha ukapanda ndege ya Amsterdam, kisha nyingine ya kuvuka bahari, safari ile ya Paris hadi Amsterdam huhesabiwa kuwa ya ndani, kama ya kutoka Kisumu hadi Mombasa. Umekwisha kuingia Ulaya, na viza ya kupita uwanjani haikufai tena; wahitaji viza kamili.

Kisha kuna viwanja kama Doha, ambako msafiri mwenye tikiti ya kuendelea hubadili ndege bila ya kuulizwa viza ya nchi ile, alimradi asitoke nje. Huko kupita bado ni kupita.

Sasa mrudie yule binti wa Birongo. Pasipoti yake ilikuwa moja, viza yake ya Kanada moja, sanduku lake moja. Angepitia London, viza ile ile ya Kanada ingemtosha. Angepitia Doha, asingeulizwa neno. Angepitia uwanja mmoja wa Schengen, viza ile ile ingemkinga. Alizuiwa kwa kuwa wakala alimuuzia njia ya nne, iliyokuwa nafuu kwa shilingi elfu chache, na kwa kuwa daktari wa lugha alisema iko sawa. Kosa halikuwa katika elimu yake, wala katika fedha zake, wala katika nia yake. Lilikuwa katika kitenzi.

Historia ya lugha yetu inalo neno la kale linalohusu jambo hili, na ni vyema walimu wa historia na wa Kiswahili walifundishe kwa pamoja. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji ililazimika kuikatiza Ugogo, nchi kavu ambayo visima vyake vilikuwa mikononi mwa watemi. Kila mtemi alitoza ushuru wa kupita, nao uliitwa hongo. Ulilipwa kwa nguo, kwa shanga na kwa nyaya za shaba. Henry Morton Stanley, aliyepita huko mwaka wa 1871 akimtafuta Livingstone, alilalamika sana juu ya hongo katika kitabu chake, na wasafiri wengine wa Ulaya waliiona kuwa unyang'anyi mtupu. Miongoni mwa nguo zilizolipiwa hongo, iliyopendwa mno ilikuwa ni ile ya pamba isiyopaushwa iliyoletwa Unguja kwa majahazi na meli kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Mpaka leo twaiita merikani, kwa sababu ilitoka Marekani.

Neno hongo halikubaki lilipokuwa. Limeshuka hadhi, na leo kila mwanafunzi wa darasa la tano hulijua kwa maana ya rushwa. Sisemi kwamba viza ya kupita ni rushwa. Ada yake hutolewa risiti. Ninachosema ni kwamba ni hongo kwa ile maana ya awali, yaani malipo ya mpita njia kwa mwenye njia. Wazungu waliolalamikia hongo ya Ugogo wajukuu zao wametunga hongo ya angani, na sisi ambao babu zetu walibeba merikani mabegani tumekuwa walipaji.

Hata hivyo kuna tofauti mbili ambazo zinanifanya niihurumie zaidi misafara ya leo. Kwanza, hongo ya kale ililipiwa pale pale njiani, na mlipaji alipata kitu: maji ya kisima, chakula cha kununua, na ruhusa ya kuendelea. Mtemi alimwona mpita njia kwa macho, wakabishana bei siku mbili tatu, mwishowe wakakubaliana. Hongo ya leo hulipiwa mbali, kabla ya safari, haina kubishana, na anayenyimwa viza harudishiwi ada. Pili, mtemi alikusanya ushuru wake mwenyewe. Dola za leo zimewapa wengine kazi hiyo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo wasomaji wengi hawapaoni. Aliyemzuia binti yule hakuwa afisa wa Marekani. Alikuwa kijana Mkenya, mwajiriwa wa shirika la ndege, akisoma kioo cha kompyuta. Je, alipata wapi mamlaka ya kulinda mpaka wa nchi ambayo pengine hajawahi kuiona?

Mamlaka hayo yalizaliwa kwa faini. Mwaka wa 1987 bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoyatoza mashirika ya usafiri pauni 1,000 kwa kila abiria waliyemleta bila ya hati zinazotakiwa, na mwaka wa 1991 faini ikapandishwa hadi pauni 2,000. Mwaka wa 1993 sheria nyingine ikawatia ndani wapita njia: shirika likawa linatozwa pia kwa abiria asiye na viza ya kupita. Nchi za Schengen zilifuata mkondo huo huo katika mkataba wao wa mwaka wa 1990, na Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka wa 2001 likaimarisha faini hizo, ambazo huhesabika kwa maelfu ya euro kwa kila msafiri. Zaidi ya faini, shirika hulazimika kumrudisha abiria kwa gharama yake. Marekani nayo ina faini zake. Basi mashirika yakajifunza kuogopa. Jumuiya yao ya kimataifa ya usafiri wa anga hutunza hazina ya kanuni za nchi zote, iitwayo Timatic, na karani wa kaunta huifungua, huandika uraia wa abiria na njia yake, kisha husoma jibu. Jibu likisema hapana, ni hapana.

Tazama basi matokeo yake. Afisa wa ubalozi akikunyima viza, angalau unajua ni serikali iliyokunyima, na mara nyingi utapewa karatasi yenye sababu. Karani wa kaunta hatoi karatasi. Hana wadhifa wa kiserikali, kwa hivyo huwezi kumkatia rufani. Akikosea kwa kukuruhusu, mwajiri wake hutozwa faini. Akikosea kwa kukuzuia, mara nyingi hasara ni yako peke yako. Mtu aliyewekwa kati ya faini na lawama ataegemea upande gani? Mimi simlaumu kijana yule. Alikuwa sahihi kisheria, na alisema kwa adabu. Ninalaumu mpango uliouhamisha mpaka wa nchi ya mbali ukausimika kwenye mizani ya masanduku Nairobi, pasipo kumwambia mwenye sanduku.

Ni haki tusikie hoja ya upande wa pili. Nchi zilizoweka viza hizi hazikuziweka kwa uovu tu. Kuna watu waliokata tikiti za nchi za mbali, wakashuka katika uwanja wa kubadilishia ndege, wakachana pasipoti zao na kuomba hifadhi. Mfano wa karibu unatuhusu sisi wenyewe. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 na mwanzoni mwa 2024, mamia ya waomba hifadhi walijazana katika kumbi za uwanja wa Barajas mjini Madrid, hata Shirika la Msalaba Mwekundu likasimamisha huduma zake humo kwa sababu ya hali mbaya ya mahali pale. Mwezi wa Januari 2024 Uhispania ikawawekea wenye pasipoti za Kenya sharti la viza ya kupita uwanjani, na mwezi uliofuata ikawawekea wa Senegal. Iliaminika kwamba baadhi ya waliobeba pasipoti za Kenya walikuwa Wasomali waliozipata kwa njia za hila.

Hoja hiyo ina uzito, na sina budi kuikubali. Kila nchi ina haki ya kujua nani aliye ndani ya ua wake. Lakini tujiulize maswali mawili. La kwanza: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka wa 1951 unamtambua mkimbizi pindi tu anapokuwa nje ya nchi yake. Ikiwa kila uwanja aweza kumzuia kabla hajapanda ndege, na orodha za kwanza ni za nchi zenye vita kama Somalia, Eritrea na Kongo, mkimbizi atafika vipi mahali pa kuombea hifadhi? Ua uliojengwa kumzuia mwongo umemfungia nje mkweli pia. La pili: pasipoti ikighushiwa na wachache, mzigo wake wabebwe na nani? Mkenya anayepita Madrid akielekea kwenye mkutano wa walimu Bogotá hakuuza pasipoti kwa mtu yeyote. Wa kuulizwa ni wale walioko ofisini ambao pasipoti hupitia mikononi mwao. Kila pasipoti inayouzwa gizani hupunguza thamani ya zote zilizobaki, na anayelipa fidia ni mtoto wa Birongo.

Wala tusijifanye malaika. Mwezi uo huo wa Januari 2024 ulianza kutekelezwa uamuzi wa serikali yetu, uliotangazwa kwa shangwe Desemba 2023, kwamba Kenya inaondoa viza kwa watu wote wa dunia. Kilichokuja mahali pake ni idhini ya kusafiri inayoombwa kwa kompyuta na kulipiwa ada kabla ya safari. Wageni kutoka nchi kadhaa za Afrika ambao zamani waliingia Kenya bila ya viza wala malipo wakajikuta wanatakiwa kuomba na kulipa. Neno viza lilifutwa, jambo lenyewe likabaki na likaongezeka. Manung'uniko yakawa mengi, na mwaka wa 2025 sharti hilo likaondolewa kwa raia wa nchi nyingi za Afrika. Mwanaisimu hujifunza hapo somo moja: ukibadili jina la mlango hujaufungua. Neno viza lenyewe latokana na Kilatini, na maana yake ni kitu kilichoonwa, yaani karatasi iliyokwisha kukaguliwa. Idhini inayokaguliwa kabla ya safari ni viza kwa asili yake, hata ikibatizwa jina gani.

Tufanyeje basi? Sina tamaa ya kuzibadilisha sheria za Washington au za Brussels kutoka hapa mlimani. Lakini yapo mambo ambayo yamo katika uwezo wetu.

Jambo la kwanza ni la sheria zetu wenyewe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu. Tikiti ya ndege ni huduma. Anayemuuzia Mkenya tikiti inayokatiza nchi isiyompa ruhusa ya kupita amemuuzia kiatu cha mguu mmoja. Sentensi ya maandishi madogo inayosema kwamba wajibu ni wa msafiri haitoshi kuwa habari. Ni kujivua lawama. Ile hazina ya kanuni inayosomwa na karani usiku wa safari yaweza kusomwa na wakala mchana wa kuuza tikiti. Wizara zinazohusika zingeweza kulazimisha jambo hili bila ya kuvuka bahari yoyote.

Jambo la pili ni la lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kwa nini basi masharti ya kusafiri hayapatikani kwa Kiswahili sanifu na chepesi katika afisi za pasipoti, mahali ambapo kila msafiri hana budi kufika? Jirani yangu, mkulima wa chai, hasomi Kiingereza cha mawakili. Angeandikiwa kwa Kiswahili kwamba "kupita Marekani kunahitaji viza ya Marekani hata kama hutoki uwanjani", asingenihitaji mimi, na pengine ingekuwa heri yake.

Jambo la tatu ni letu sisi walimu. Katika masomo ya ufahamu tumezoea kuwapa wanafunzi vifungu kuhusu mazingira, afya na nidhamu. Ni vyema. Lakini lini tuliwapa tikiti, mkataba wa mkopo, au masharti ya nyuma ya risiti? Mwanafunzi anayeweza kuchambua sitiari katika ushairi lakini hawezi kuuliza maana ya "kupita" katika tikiti yake tumemfunza nusu. Atakayeombwa kusoma tikiti na aulize maswali manne kabla ya kusema neno. Je, ni nchi zipi hasa ambazo ndege itatua? Je, msafiri atavuka dawati la uhamiaji popote, kwa kubadili uwanja, kwa kulala, au kwa kutua katika viwanja viwili vya Schengen? Je, ni tikiti moja au mbili zilizounganishwa na mnunuzi mwenyewe? Tikiti zikiwa mbili, huenda sanduku lisijihamishe lenyewe, msafiri akalazimika kutoka kulichukua, na akitoka ameingia. Na mwisho: pasipoti yake imo katika orodha ya nani, na viza aliyo nayo yamsamehe wapi? Majibu ya maswali haya yatafutwe katika tovuti za balozi zenyewe, na yatafutwe upya kwa kila safari, kwani orodha hubadilika, kama wenzetu waliopitia Madrid walivyogundua.

Binti wa jirani yangu aliondoka Januari 2024. Chuo kilimwekea nafasi yake hadi muhula uliofuata, jambo ambalo si kila chuo hulifanya. Mchango wa pili ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza. Watu walikuwa wamechoka, na hapakuwa na kuku. Pengo lililobaki tulilijaza baba yake na mimi, yeye kwa mkopo mwingine, mimi kwa sababu nisizohitaji kuzieleza. Tikiti ile ya pili ilipita Doha. Nilikaa nayo siku mbili mezani, nikauliza kila niliyedhani anajua, nikauliza tena, kisha ndipo nikairudisha kwa mwenyewe.

Wahenga walituambia kwamba kuuliza si ujinga. Nimewasomea wanafunzi methali hiyo kwa zaidi ya miaka 15, nikidhani nawausia wao. Sasa najua kwamba ujinga ni kumwambia jirani "iko sawa" kwa sababu tu kila neno lililo kwenye karatasi unalijua.